Balozi wa Michezo na Mtoto Aliyefungiwa Ndani

Sisi wa vijijini tukisikia neno balozi, tunamkumbuka balozi wa nyumba kumi. Lakini kuna balozi mwingine. Huyu hutumwa na serikali yake kwenda kukaa katika nchi nyingine. Kazi yake ni kuangalia mambo ya nchi yake na kujenga urafiki. Siku hizi michezo nayo imo katika kazi hiyo. Balozi hutangaza mashindano makubwa yatakayofanyika kwao. Husaidia kuleta walimu wa michezo na vifaa. Tena huhimiza michezo ya watu wenye ulemavu.

Mimi ni Bwana Shamba. Nimefanya kazi vijijini kwa zaidi ya miaka 20. Siku moja tulisikiliza habari hizo redioni. Mzee mmoja akaniuliza, "Bwana Shamba, mabalozi hawa wanaleta mipira. Mbona hawaleti mbolea? Na mtu asiye na mguu, mpira utamsaidia nini?"

Swali hilo ni zuri. Nimelifikiria sana.

Kwanza tuseme kweli. Nchi hizo zina faida yake. Mji wa kufanyia Michezo ya Olimpiki huchaguliwa kwa kura. Tarehe 6 Julai 2005 wajumbe walikutana Singapore kuchagua mji wa mwaka 2012. London ilipata kura 54. Paris ilipata kura 50. Katika kuomba kura, London iliahidi kuwafikishia michezo watoto wa nchi nyingine. Baadaye mpango huo uliingia katika nchi 20. Tanzania ilikuwa moja ya nchi hizo. Japani nayo ilianza mpango wake mwaka 2014, kabla ya michezo ya Tokyo. Ililenga kuwafikia watu zaidi ya milioni 10 katika nchi zaidi ya 100.

Basi, hii si sadaka tupu. Nchi inayoalika wageni hutafuta jina zuri, watalii na biashara. Lakini wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji tutapona wapi? Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Michezo ya wenye ulemavu ilianzia hospitalini. Daktari Ludwig Guttmann alikuwa Myahudi wa Ujerumani. Mwaka 1939 aliukimbia utawala wa Hitler, akaenda Uingereza. Mwaka 1944 alipewa wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Wakati ule watu wa namna hiyo walihesabiwa kuwa wamekwisha. Walilazwa tu. Wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na ugonjwa wa figo. Guttmann alikataa. Aliagiza wageuzwe mara kwa mara kitandani, wafundishwe kazi, na wacheze. Tarehe 29 Julai 1948 alifanya mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Washindani walikuwa 16 tu, wote katika viti vya magurudumu. Mwaka 1960, mjini Rome, walifika washindani kama 400 kutoka nchi 23. Hiyo ndiyo Michezo ya Paralimpiki ya kwanza.

Sasa nitasema kwa lugha ya kazi yangu. Ukimwambia mkulima apande kwa mistari, hakuamini. Atasema, "Baba yangu hakufanya hivyo." Lakini lima shamba la mfano kando ya njia. Apite kila siku aone mahindi. Mwisho atakuja mwenyewe kuuliza kipimo cha kamba. Mchezaji mwenye ulemavu ni shamba la mfano. Watu wanamwona, wanabadili mawazo.

Tazama Henry Wanyoike wa Kenya. Alipofuka mwaka 1995 akiwa kijana. Mwaka 2000, kule Sydney, alikimbia mita 5,000 na kiongozi wake. Karibu na mwisho kiongozi aliishiwa nguvu. Asiyeona akamvuta anayeona mpaka mwisho, akapata dhahabu.

Hapa kwetu tunayo timu ya Tembo Warriors. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja, nao hukimbia kwa magongo. Golikipa ana mkono mmoja. Mwaka 2022 walikwenda Uturuki katika Kombe la Dunia, wakafika robo fainali.

Habari hiyo ilifika katika kijiji kimoja ninachohudumia. Kuna kijana pale aliyekatwa mguu baada ya ajali ya pikipiki. Kikundi cha bustani kilikuwa kimemkataa. Walisema, "Utamwagiliaje kwa mguu mmoja?" Baada ya kusikia habari za Uturuki, alianza kucheza na wenzake kwa magongo yake. Watu walikuja kucheka. Walipoona mbio zake, kicheko kikaisha. Msimu uliofuata kikundi kilimpa matuta manne. Sasa ndiye mtunza kitalu, na miche yake haifi.

Lakini katika kijiji hicho hicho yuko msichana wa miaka tisa. Miguu yake haina nguvu. Hajaenda shule hata siku moja. Wageni wakija, hufungiwa ndani. Nimezungumza na baba yake mara tatu. Ananijibu, "Nitafikiri." Mtoto naye anazidi kukua.

Ndugu zangu, shamba la mfano peke yake halishibishi kijiji. Balozi atamaliza muda wake, atarudi kwao. Mipira itapasuka. Wa kuendeleza ni sisi. Tangu mwaka 2010 tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini sheria haibishi hodi nyumba kwa nyumba. Jirani ndiye anayebisha.

Kama unamjua mtoto aliyefichwa, nenda kwa wazazi wake. Usiende kwa kuwagombeza. Wengi wao wanaona aibu au wana hofu. Zungumza nao kwa upole. Mwambie mwalimu mkuu. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, jambo hilo liletwe katika mkutano. Na watoto wakicheza jioni, huyo naye atolewe nje. Apewe mpira arushe. Akishindwa kukimbia, ahesabu magoli. Kesho mtamwona anataka na daftari.