Chakula cha Kisiwani na Magoti ya Bi Mkubwa



Ndugu zetu wasomaji, wazazi, na nyinyi wanafunzi mlio mbali na majiko ya mama zenu, leo tumeonelea tuzungumze juu ya vyakula vya shambani, yaani mizizi, kunde, majani na matunda, na namna vinavyoligusa tumbo, uvimbe wa mwili na uzito. Maneno juu ya jambo hili yamekuwa mengi kupita kiasi. Kila siku simu zinaingia ujumbe: kunywa hiki kitambi kitoke kwa siku saba, acha kile kabisa, chemsha tangawizi na ndimu na kitunguu thomu ulale nayo. Sisi nyumbani kwetu tumelazimika kuyachambua maneno haya moja moja, kwa kuwa tunaye mgonjwa ndani, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyetuzaa.

Sisi ni watu wa Vamizi, kisiwa chembamba cha matumbawe kaskazini mwa Cabo Delgado, upande wa wilaya ya Palma. Ardhi yake ni mchanga na mawe, kwa hivyo mkulima hapati mengi. Tulikula samaki wa siku ile ile, na vya shamba vilikuja kwa mashua kutoka bara: muhogo mbichi, makopa, kunde, mbaazi, kisamvu, ukwaju, ubuyu. Nazi haikukosekana. Nyama ilikuwa ya Idi na ya harusi, na sukari ilikuwa ya chai tu. Hatusemi kwamba tulikuwa na afya kwa sababu ya hekima yetu. Hatukuwa na kingine cha kula, basi. Na Bi Mkubwa, mama yetu, maji yakitoka alikuwa pwani na wanawake wenziwe, kutanda dagaa na kuokota chaza, anarudi adhuhuri na ndoo kichwani.

Septemba 2020 wapiganaji wakaingia kisiwani. Wenye kuifuatilia vita hii iliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 wanajua yaliyobaki. Mwezi uliofuata tulikuwa miongoni mwa maelfu walioshuka kwenye mashua katika ufukwe wa Paquitequete, mjini Pemba, na vitu vyetu vikiwa mafungu ya nguo. Tulipokelewa vizuri, Allah awalipe wenyeji kheri. Watu wa Paquitequete waligawana nasi vyumba vyao na sahani zao.

Lakini chakula kilibadilika na miguu ikasimama. Mgao ulikuwa mchele mweupe au unga, mafuta ya kukaangia, na maharage yakipatikana. Kuni zilikuwa za kununua, na maharage yanakula kuni nyingi, basi tukawa tunayauza au kuyagawa. Asubuhi mandazi, jioni wali na mchuzi mwepesi, na soda mgeni anapokuja. Pwani ya kuokota chaza hakuna, kwa sababu kila mwamba una wenyewe na watu wamekuwa wengi. Wadogo zetu walianza kulalamika choo kigumu. Bi Mkubwa, aliyeingia Pemba na kilo 66, alipopimwa mwaka 2023 alikuwa na kilo 81. Magoti yakavimba, akawa hawezi kusujudu bila ya kushikwa mkono, kisha akahamia kuswali kwenye kiti. Akajinunulia vidonge vya maumivu dukani, vile vya rangi rangi, kila siku viwili. Miezi michache tumbo likaanza kumwaka.

Daktari aliyemwona alituambia mambo mawili tu, na yote mawili tunayaandika hapa kwa sababu yana faida kwa wengi. La kwanza, vidonge vile vya maumivu vikimezwa kila siku vinakula ngozi ya ndani ya tumbo na vinaweza kuleta vidonda, khasa kwa mtu mzima, kwa hivyo hakuna majani wala unga utakaomponya madhali anaendelea navyo. (Sababu kubwa nyingine ya vidonda ni kijidudu kiitwacho helikobakta, na hicho nacho kina dawa zake hospitali. Asilaumiwe pilipili bure.) La pili, goti hubeba zaidi ya uzito unaouona kwenye mizani. Wataalamu wamepima kwamba kila kilo moja anayopungua mtu mwenye magoti mabovu humwondolea goti mzigo wa kiasi cha kilo nne kwa kila hatua. Hebu tupige hesabu: kilo 15 alizoongeza Bi Mkubwa ni kama kilo 60 za ziada katika kila hatua anayopiga. Mfuko wa saruji una kilo 50.

Basi ikabaki kazi ya chakula, na hapo ndipo majirani walipoingia. Mmoja akasema muhogo aukimbie kabisa, ni wanga mtupu. Mwingine akasema kunde zinampa gesi, na gesi ndiyo chanzo cha uvimbe. Wa tatu akaleta chupa ya unga wa mlonge.

Tuanze na kunde, maana ndizo zilizodhulumiwa zaidi. Aliishi Kampala tabibu mmoja kutoka Ireland, Denis Burkitt, akipasua wagonjwa katika hospitali ya Mulago miaka ya 1940 hadi ya 1960. Aliona kwamba maradhi yaliyojaza hospitali za Uingereza, kama bawasiri, kidole tumbo na utumbo mpana uliotokeza vifuko, yalikuwa machache sana kwa watu wa vijijini aliowatibu. Baadaye, yeye na wenzake wakapima muda ambao chakula hukaa tumboni. Kwa wanakijiji wa Uganda kilitoka baada ya siku moja na nusu hivi, na kwa Waingereza waliopimwa kilichukua siku tatu na zaidi. Mwaka 1972 wakayachapisha hayo. Jawabu lake lilikuwa nyuzinyuzi za mimea, yale makapi ambayo tumbo haliwezi kuyasaga. Si kila alilolidhani Burkitt lilithibiti, lakini asili ya maneno yake imesimama, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka katika chakula chenyewe.

Sasa linganisheni. Kikombe kimoja cha kunde zilizopikwa kina takriban gramu 11 za nyuzinyuzi. Kikombe cha wali mweupe hakifiki gramu moja. Watoto wetu wa Paquitequete walikuwa na haki ya kulia chooni.

Nyuzinyuzi hizo zinafanya kazi gani? Nyingine hunywa maji na kulainisha choo. Nyingine hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko vijidudu wema wanaoishi ndani yetu huzichachua na kutoa asidi nyepesi ambazo ni chakula cha ngozi ya utumbo na hutuliza mwako wa mwili. Na mtu aliyekula kunde hushiba mapema na hukaa na shibe, kwa hivyo mandazi ya saa nne hayamwiti. Ama gesi, hiyo ndiyo moshi wa jiko hilo hilo. Kunde na maharage yana aina ya sukari ambayo sisi hatuwezi kuisaga ila vijidudu wanaweza. Dawa yake ni ya bibi zetu: loweka usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya hadi zilainike kabisa, na anza na vijiko vichache kwa siku, wiki mbili tatu, tumbo lizoee. Na unywe maji, kwani nyuzinyuzi bila maji hukaza badala ya kulegeza. Kuloweka kunapunguza kuni pia. Sasa nyumbani kwetu kunde hulowekwa baada ya Isha kama ada.

Muhogo ni habari nyingine, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Gramu 100 za muhogo mbichi zina kalori 160 hivi, lakini protini ni gramu moja na kidogo tu. Kwa hivyo jirani hakusema uongo kwamba ni wanga. Lakini kipande cha muhogo wa kuchemsha na samaki na kisamvu si sawa na muhogo wa kukaanga uliozama mafutani, na tofauti hiyo ndiyo inayoonekana kiunoni. Tulichomkatia Bi Mkubwa ni mafuta na idadi ya vipande. Muhogo wenyewe tumemwachia, tena kumnyima ingekuwa vita nyingine.

Tahadhari kubwa ya muhogo kwetu sisi wa kaskazini ya Msumbiji ni sumu yake. Muhogo mchungu, ambao watu huupanda kwa kuwa nguruwe na wezi hawaupendi, una kitu kinachogeuka sianidi. Mtu akiula haujatengenezwa vizuri hupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu. Na mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa sababu ya kula muhogo mchungu uliokaushwa kwa haraka huku hawana kitoweo. Wenyewe waliuita mantakassa, na katika vitabu vya tiba unaitwa konzo. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Mtwara, nao wamewahi kuupata. Miguu hiyo hairudi. Tunalitaja hili kwa sababu njaa na kuhamahama ndiyo mazingira yake hasa: mtu anakimbia, hana siku za kulowesha na kuanika, na samaki hakuna. Protini ya samaki au kunde ndiyo inayousaidia mwili kuivunja sumu ile.

Mwenye unga wa makopa asiouamini afanye hivi, ni njia iliyojaribiwa huko huko Nampula: auchanganye na maji, autandaze juu ya ungo au turubai tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, auache saa mbili juani au tano kivulini, kisha aupike siku ile ile. Hewa huichukua sumu. Kisamvu nacho kitwangwe sana, kichemshwe kwa muda mrefu na mfuniko uwe wazi. Wale wanaokichemsha dakika kumi ili kibaki kijani kwa ajili ya picha, tunawaombea dua.

Ama uvimbe wa ndani, ule mwako usioonekana unaoambatana na unene, kisukari na maradhi ya moyo, tumepata ushahidi wa karibu na kwetu. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Kilimanjaro, kazi ya wataalamu wa KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Walichukua wanaume 77 wenye afya. Waliokuwa wakila chakula cha asili, mboga, kunde na maharage, matunda na nafaka zisizokobolewa, wakapewa kwa wiki mbili vyakula vya kisasa vilivyosindikwa. Wengine waliozoea vya kisasa wakarudishwa kwenye vya asili. Wiki mbili tu zilitosha: wa kwanza damu zao zilionyesha dalili za mwako kupanda na kinga kulegea, na wa pili mwako ulipungua. Wiki nne baadaye baadhi ya athari zilikuwa bado zipo. Kundi jingine lilipewa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, nalo mwako ulishuka, lakini hiyo si yetu, na kunde zinatutosha. Walikuwa wanaume watupu na muda ulikuwa mfupi, kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba goti la mama wa miaka 63 litafuata hesabu ile ile. Ila tulipousoma tuliukumbuka mgao.

Viungo tuvipitie haraka. Tangawizi inasaidia kichefuchefu, hilo limethibiti. Manjano yana kitu chenye kupunguza mwako, lakini mwili hukipokea kidogo sana, pilipili manga huongeza, na kiasi cha kijiko kwenye mchuzi si dawa ya goti. Vidonge vyake vikali vimewahi kuwadhuru watu maini, basi msiviagize. Mlonge ni mboga nzuri ya majani, na unga wake haukatai kitambi. Ukwaju na ubuyu hulegeza choo, tatizo ni ile sukari mnayoimimina. Nazi tunaipenda mno kuitukana, lakini mafuta yake ni yale yanayoganda, na yanapandisha lehemu mbaya. Nyumbani tui zito limekuwa la Ijumaa, siku nyingine ni la pili, jepesi. Hapa tulipata upinzani mkali kuliko mahali popote.

Baadhi yetu tumerudi kisiwani, na Bi Mkubwa tumerudi naye. Katika miezi 14 amepungua kutoka kilo 81 hadi 74. Vidonge vya kila siku aliviacha kwa maelekezo ya daktari, akatibiwa tumbo, na Ramadhani iliyopita aliruhusiwa kufunga, akafunga siku 22. Futari yake ilikuwa tende tatu na maji, akaswali, kisha bakuli la kunde na kipande cha samaki, muhogo vipande viwili. Daku uji wa mtama usiokobolewa. Bado anaswali kitini kwa rakaa za tarawehe, na maji yakitoka huenda pwani kwa fimbo, hafiki kwenye mwamba, anakaa mchangani kuwaonyesha wengine pa kupekua.

Wenye kisukari wanaotumia dawa na wenye maradhi ya figo wasibadilishe chakula kwa kutusoma sisi, wamwone daktari kwanza, kwani kuna mboga na kunde ambazo figo dhaifu haziziwezi. Nyinyi wanafunzi mnaopika chumbani: nusu kilo ya kunde mkiiloweka Alkhamisi usiku na kuichemsha Ijumaa asubuhi inalisha watu wanne kwa siku mbili, mkiiweka penye ubaridi. Tieni kitunguu, nyanya, chumvi kidogo na ndimu mwishoni. Mafuta kijiko kimoja.