Lile tundu nyuma ya televisheni lina kazi gani?

Hebu igeuze televisheni yako ya kisasa uitazame mgongoni. Kuna tundu la HDMI, la USB, la antena. Halafu, kwenye televisheni nyingi, kuna mwanya mmoja mpana na mwembamba ulioandikwa COMMON INTERFACE, au CI tu. Waya hauingii. Kadi ya simu inapwaya. Ukimuuliza fundi, mara nyingi jibu ni moja: achana nalo, halina kazi.

Mimi nasema lina kazi, tena kubwa. Ni sisi tu tulionyimwa kazi yake.

Tuanze na umbo. Ndani ya mwanya ule kuna pini 68, safu mbili za pini 34. Waliotumia kompyuta za mpakato miaka ya tisini wanaufahamu, maana ndimo zilimochomekwa kadi za modemu. Mradi wa DVB wa Ulaya, ulioanza mwaka 1993 ili kuweka viwango vya televisheni ya dijitali, uliazima umbo hilohilo. Kiwango cha tundu lenyewe, EN 50221, kilitoka mwaka 1997.

Sasa kazi yake. Chaneli ya kulipia hurushwa ikiwa imefungwa kwa msimbo, na funguo za msimbo huo hubadilika kila baada ya sekunde chache. King'amuzi basi kina kazi mbili kuu: kupokea mawimbi na kufungua msimbo. Televisheni yenye kipokezi cha dijitali ndani yake inaiweza ile ya kwanza bila msaada. Inabaki ya pili tu. Hapo unachomeka kwenye tundu kifaa kidogo kiitwacho CAM, upana wake kama wa kadi ya benki ila kinene zaidi, na ndani ya CAM unaingiza kadi ya kampuni unayoilipa. Matangazo yanatoka kwenye televisheni, yanapita kwenye CAM, yanafunguliwa, yanarudi. Rimoti moja, waya mmoja wa umeme, basi.

Kule Ulaya jambo hili halikuachwa kwa hiari ya wenye viwanda. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 ilitaka kila televisheni ya dijitali yenye kioo kinachozidi sentimita 30 iwe na tundu la wazi la namna hii. Mantiki yake ni rahisi: chombo ni cha mnunuzi, kwa hiyo kisifungwe kwa kampuni moja ya matangazo.

Je, sisi? Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tukaingia zama za ving'amuzi, kila kampuni na chake. Mwaka 2018 TCRA ilipozizuia baadhi ya kampuni za kulipia kubeba chaneli za bure za nyumbani, familia iliyotaka mpira wa Ulaya na taarifa ya habari ya hapa ikajikuta inahitaji njia mbili za kupokea matangazo. Ving'amuzi vikapandiana juu ya kabati, na tundu lipo nyuma, limejaa vumbi.

Sidai kwamba tundu ni mkombozi. Kampuni isipouza CAM inayoelewa msimbo wake, tundu ni mlango usio na ufunguo. Na toleo jipya la mwaka 2008, CI Plus, liliipa kampuni nguvu zaidi: picha hufungwa tena kwa msimbo inaporudi kwenye televisheni, na kampuni inaweza hata kukuzuia kurekodi. Mvutano kati ya mwenye chombo na mwenye matangazo haujaisha, hata huko Ulaya.

Lakini wenzetu angalau wanavutana. Sisi tumenunua televisheni zenye tundu, tukalipia na ving'amuzi, bila hata kuuliza. Kwa hiyo ukienda kulipia kifurushi, muulize wakala: mnauza CAM? Akicheka, mwache acheke. Kisha swali hilohilo tulipeleke TCRA: kwa nini kampuni ilazimishe kuniuzia kifaa kizima wakati nusu ya kazi yake televisheni yangu inaiweza?