Bushoni ya Motoka na Taa Nyekundu

Je, Mukristo anaweza kudai malipo kwa mutu aliyeharibu kitu chake? Katika miaka ya kazi yangu watu wa makambi waliniuliza swali hili mara nyingi, na mimi nilijibu mbio: «Samehe tu, ndugu yangu, Mungu atalipa.» Ni jibu rahisi wakati kitu kilichoharibika si chako. Mwaka 2019 swali lile lilikuja kupiga hodi kwangu mwenyewe, na jibu langu la zamani halikunisaidia.

Wakati ule makanisa yetu ya Likasi yalikuwa na motoka moja, Toyota Corolla ya zamani yenye usukani kuume, iliyoingia kwa Kasumbalesa kama zingine nyingi. Haikuwa motoka yangu. Ilinunuliwa kwa matoleo ya miaka miwili: wamama wanaouzisha samaki sokoni, walimu ambao mishahara yao inachelewa, vijana wanaoosha mawe ya madini. Mimi nilishika ufunguo tu. Motoka ile ilibeba wagonjwa, mabibi arusi na mifuko ya unga.

Siku moja ya kazi ine, mwezi wa 8, niliipeleka kwenye garaji kwa kufanya vidanji, ni kusema kutoa mafuta ya moteri ya zamani na kutia mapya. Patro wa garaji ni muzee anayeheshimiwa katika kartie. Ni mumoja wa wale watumishi zaidi ya 10.000 waliotoka Gécamines kwa mpango wa départs volontaires ulioanza mwaka 2003. Kwa makuta aliyopata alinunua vyombo vya kazi na kufungua garaji. Yeye hasali kwetu, lakini mama wa nyumba yake ni mushirika wetu. Nilimulipa dola 40 kwa mafuta, filtre na kazi. Sikuomba faktire. Nilijisemea: huyu muzee ananijua, karatasi ni ya nini?

Safari ya Lubumbashi

Kesho yake asubuhi nilishika njia ya Lubumbashi, kilometa kama 120. Nilikuwa na mama mumoja wa kanisa na mutoto wake wa miaka sita, ambaye munganga wa macho alikuwa anamungoja saa ine. Mbele ya kufika Lwisha taa ndogo nyekundu ikawaka mbele yangu, ile yenye picha ya kibuyu cha mafuta.

Yule mama aliiona. Akauliza: «Pasta, ile taa ni ya nini?»

Nilijua ni ya nini. Kila shoferi anajua. Taa ile ikiwaka, sherti usimame palepale na kuzima moteri. Lakini makamio ya madini yalikuwa yanapita moja kwa moja, hapakuwa na fasi nzuri ya kusimama, na saa ine ilikuwa inakaribia. Nikamujibu: «Itazimika yenyewe, mama.»

Nikaendelea kilometa ine ao tano. Kisha moteri ikaanza kulia kama nyundo juu ya bati, ikakamata, na motoka ikasimama. Nilipoinama chini niliona tundu tupu: bushoni ya vidanji haikuwako tena. Mafuta yote yalibaki barabarani.

Shoferi wa kamio moja alihurumia mama na mutoto, akawafikisha Lubumbashi. Mimi nilirudi Likasi nyuma ya kamba, na kamba ile iligharimu dola 60.

Kwa patro

Patro alizunguka motoka, akatikisa kichwa.

«Pasta, motoka ilitoka hapa muzima. Hizi barabara zetu zinatikisaka sana. Bushoni inaweza kuanguka yenyewe.»

«Muzee, bushoni iliyokazwa haianguke kwa siku moja.»

«Na taa? Haikuwaka?»

Wapenzi wasomaji, ni hapa nilianguka. Nilisema: «Iliwaka, na palepale nilisimama.»

Neno lile lilitoka bila shida. Halikuonekana kwangu kama uongo. Nilijisemea: kosa ni lake, yeye njo alisahau bushoni, kwa nini nimupe kamba ya kunifunga?

Siku ya Mungu nilieleza wazee wa kanisa. Moteri nyingine, ile ya okazio, kule Lubumbashi ilikuwa dola 700. Muzee mumoja akasema tuache neno hili, maana Paulo aliwakemea Wakorinto waliopelekana mbele ya waamuzi, na heri kuonewa kuliko kushitaki. Wengi wakakubali. Na mimi nilikuwa tayari kukubali, kwani ilikuwa inanipendeza watu waseme kwamba pasta ni mutu wa kusamehe.

Lakini mama mushika-sanduku wa wamama akasimama. «Pasta, kusamehe kwako ni kwako. Lakini ile makuta ya samaki yetu, utaisamehe kwa jina la nani?»

Hakuna mutu aliyemujibu. Nilirudi nyumbani na neno lile likinichoma. Ni kweli. Siwezi kuonyesha ukarimu kwa mufuko wa mutu mwingine.

Shimo lisilofunikwa

Usiku ule nilifungua kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Pale Musa anaeleza juu ya mutu anayechimba shimo na kuliacha wazi. Kama ngombe ao punda wa jirani ataanguka ndani, mwenye shimo atalipa bei ya munyama. Haiulizwe kama alikuwa na roho mbaya. Haiulizwe kama alimuchukia jirani. Aliacha shimo bila kifuniko, basi. Sisi wa Likasi, Kambove na Kolwezi tunajua mashimo kuliko watu wa inchi nyingi. Tunajua mutu anaweza kuwa mwema, mupole, mwenye kusali, na shimo lake likavunja muguu wa mutoto wa jirani.

Kesho yake nilimuuliza ndugu mumoja wa kanisa ambaye ni karani wa tribinali. Alinieleza kwamba sheria ya inchi yetu inasema karibu vile vile, tangu amri ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo ni sehemu ya Code civil, Kitabu cha Tatu. Kifungu cha 258 kinaomba kila mutu aliyeletea mwenzake hasara kwa kosa lake atengeneze hasara ile. Kifungu cha 259 kinaongeza: hata kama ni kwa uzembe ao kwa kukosa uangalifu tu. Na kifungu cha 260 kinasema bwana wa kazi anajibu juu ya watumishi wake katika kazi aliyowapa.

«Kwa hiyo nitashinda?» nikamuuliza.

Akacheka. «Pasta, anza na patro mwenyewe. Ukiona anakataa, umuandikie barua, umupe siku za kujibu. Tribinali ni ya mwisho. Na ujue hivi: kama weye pia uliongeza hasara, hakimu anaweza kuigawanya kati yenu wawili.»

Sikusema kitu.

Akaniambia pia nisiguse moteri mbele mekanisie mwingine hajaiangalia na kuandika alichoona. Nikaleta mekanisie wa kartie nyingine. Alifungua moteri mbele ya mwanafunzi wa patro, ili mutu asiseme tumebadilisha vitu. Aliangalia kusine, vile vyuma vyembamba vya ndani ya moteri vinavyohitaji mafuta. Zilikuwa zimeungua, rangi ya buluu.

«Pasta,» akasema kwa sauti ya chini, «hii moteri haikusimama palepale. Ilizunguka dakika mingi bila mafuta. Kama ulizima mbio, labda tungeiokoa. Niandike namna gani?»

Nilimwambia aandike alichoona. Lakini moyoni nilikuwa ninatafuta njia ya kupita.

Mushahidi wetu

Wazee walikubali twende kwa patro kwa njia ya Matayo 18: kwanza peke yangu, na hiyo nilikwisha kuifanya; kisha na mashahidi wawili ao watatu. Mmoja akasema: «Tuchukue yule mama wa mutoto wa macho. Yeye alikuwa ndani ya motoka.»

Magoti yangu yalilegea. Mama yule si mutu wa uongo. Angesema: taa iliwaka, Pasta akasema itazimika. Kulikuwa njia mbili tu. Moja, nimuombe anyamaze, ni kusema kumufundisha mushirika wangu dhambi. Ya pili, niseme mwenyewe.

Nilimwambia kwanza bibi yangu. Aliweka chini sufuria ya bukari, akaniangalia. «Papa, makuta inaweza kurudi. Ukisema ile bongo mbele ya ule mama, yeye hatarudi.»

Siku ya posho tulikwenda: wazee wawili, mama yule, na mimi. Patro alikuwa nyumbani na mama wa nyumba yake, na mwanafunzi wake, kijana wa miaka 17, alisimama kwa mulango. Nilisema mbele mutu mwingine hajafungua kinywa:

«Muzee, nilikudanganya. Taa ilipowaka sikusimama. Nilitembea kilometa ine ao tano. Mama huyu aliniuliza, na nilimujibu vibaya. Ninaomba unisamehe. Lakini bushoni, sikuitoa mimi.»

Patro alinyamaza. Nilifikiri atasema: basi, dosie imekwisha, weye mwenyewe umeiharibu. Na kweli alianza kufungua kinywa. Lakini kijana akatangulia.

«Patro, Pasta amesema yake. Na miye niseme yangu. Ile siku nilikamata bushoni na vidole tu. Ukaniita tukasukume ile kamio. Niliporudia, nilizani nilikwisha kukaza na ufunguo.»

Patro akasimama kwa hasira. «Kumbe! Kesho usionekane hapa!»

Mama wa nyumba yake akamushika mukono. «Papa, ni nani alimuita? Na weye, miaka ngapi ulikuwa unabeba ile dosie ya 2003, unasema banikulipe yangu yote? Leo mutu akuombe yake, unafukuza mutoto?»

Nyumba ilinyamaza. Kisha muzee akakaa, akasema neno ambalo sijalisahau: «Pasta, kama ulishikilia uongo wako, na miye nilikuwa tayari kushikilia wangu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Niliona ufunguo wa bushoni juu ya meza, mukavu.»

Tulihesabu pamoja. Tulikubali kwamba kosa la kwanza na kubwa ni la garaji, na la pili ni langu. Patro alirudisha dola 40 za vidanji, akakubali kulipa dola 400 juu ya zile 700, dola 100 kila mwezi, na kutia moteri bila kuomba malipo ya kazi. Dola 300 zilizobaki na zile 60 za kamba nilizichukua juu yangu, si juu ya sanduku la kanisa. Zilinimaliza mwaka muzima. Niliomba pia kijana asifukuzwe, na hakufukuzwa. Tuliandika yote katika karatasi mbili, tukatia sinyatire. Miezi mitatu patro alilipa kwa siku yake. Ya ine ilichelewa majuma sita, akaja mwenyewe kuomba musamaha. Hatukufika tribinali.

Mambo ya kushika

Wapenzi wasomaji, ninawaachia haya machache.

1. Omba faktire kila mara, hata kwa mutu unayemujua. Yenye tarehe, kazi iliyofanywa na bei. Si kwa kumuzania mabaya. Ni kumbukumbu yenu ninyi wawili.

2. Mbele ya kutoka garaji baada ya vidanji, ukague kipimo cha mafuta, uache moteri itembee dakika chache, kisha uangalie chini kama kuna matone.

3. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka, simama fasi ya usalama iliyo karibu, zima moteri, usiwashe tena. Hakuna rendez-vous inayopita bei ya moteri.

4. Hasara ikitokea, piga foto, usifungue kitu peke yako, umulete fundi mwingine aandike alichoona, na mwenye garaji ao mutu wake awe pale.

5. Anza na mutu mwenyewe kwa heshima. Kisha mashahidi. Kisha barua. Tribinali iko kwa mwisho, na si dhambi kuijua.

6. Sema sehemu yako ya kosa mbele haijasemwa na mwingine.

Nilizania zamani kwamba kusamehe na kudai havikai nyumba moja. Leo ninaona tofauti. Kusamehe ni kutoa uchungu ndani ya moyo wako, na hiyo unaweza kuifanya siku ile ile. Lakini shimo lililo wazi, sherti mwenye shimo alifunike, na ngombe aliyekufa alipwe. Nilipodai kwa uongo, nilikuwa na hasira na woga. Nilipodai kwa kweli, hasira iliisha mbele ya makuta kufika.

Kijana yule sasa ni mekanisie kamili katika garaji ile ile. Kila mara ninapofika kwa vidanji ananiita niiname chini ya motoka, anakaza bushoni mbele ya macho yangu, kisha ananiandikia faktire. Na mimi ninaisoma yote mbele ya kulipa.