Paka wetu na tundu la hewa

Ukishuka metro ya Porte de Namur hapa Brussels, baada ya hatua chache uko Matonge, mtaa uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Unakuta unga wa muhogo, samaki wakavu, ndizi za kupika, na wauzaji wanaokuita "mama" hata kama hawakujui. Unasahau baridi mpaka utakapofika nyumbani.

Nyumba tuliyopanga karibu na hapo ni ya zamani. Bafuni kuna hita ya gesi ya kuchemshia maji, na chini ukutani kuna tundu la hewa. Januari moja upepo wa tundu hilo ulitushinda, nikaliziba kwa taulo kuukuu. Nimekulia Njombe. Kwetu, baridi ya Juni na Julai ikizidi, watu huziba nyufa na kuingiza jiko la mkaa ndani. Niliona nimefanya jambo la akili.

Paka wetu, Pili, alikuwa akilala bafuni kwenye kikapu cha nguo. Siku ya tatu nilimkuta anayumba kama mlevi, kisha akatapika. Nikadhani amekula kitu kibaya. Binti yangu naye akalalamika kichwa. Mimi, muuguzi mzima, nikasema ni mafua. Jumamosi tukaenda sokoni, kichwa kikapoa. Tuliporudi akaoga, kikaanza upya. Hapo nikashtuka.

Nilizima hita, nikafungua madirisha, tukatoka wote, Pili akiwa ndani ya koti langu, nikapiga 112. Zimamoto walipima wakaikuta kaboni monoksidi. Mtoto alipewa oksijeni hospitalini, na Pili akapewa yake kwa daktari wa wanyama. Wote walipona.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Hutokea moto unapokosa hewa ya kutosha, uwe wa gesi, kuni au mkaa. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hata kile kipimo tunachobana kidoleni hospitalini kinaweza kuonyesha namba nzuri huku mgonjwa akizidiwa. Mnyama mdogo hupumua haraka kuliko sisi, tena hushinda ndani tukiwa kazini, kwa hiyo anaweza kuugua kwanza. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa zamani walishuka mgodini na ndege wadogo kwa sababu hiyo hiyo.

Basi, ndugu zangu, msizibe matundu ya hewa. Katika mkoa wa Brussels boila la gesi hutakiwa kukaguliwa kila baada ya miaka 2. Mwombe mwenye nyumba karatasi ya ukaguzi. Nunueni king'ora cha kaboni monoksidi. Hita ya umeme ikae angalau mita 1 kutoka kwenye tandiko la mnyama na pazia, waya wake usifikiwe na meno, na izimwe mkitoka. Jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe. Mkiona dalili, tokeni nje, pigeni 112. Kwa maswali ya sumu, Centre Antipoisons hujibu usiku na mchana, 070 245 245.

Na mnyama akiyumba bila sababu, msimwangalie yeye peke yake. Watazameni na watoto.

Siku hizi tundu letu liko wazi, na bafuni tunaingia na soksi. Lile taulo nimemtandikia Pili, sebuleni.