Ushanga Kabla ya Uzi

Sisi watunzi hupenda kujivunia kitenzi kutunga. Twatunga mashairi, twatunga shanga. Mvuvi naye hutunga samaki akarudi nyumbani na mtungo wake. Jipu pia hutunga usaha, ila maana hiyo huwa hatuitaji ukumbini. Neno hili nimelifurahia miaka mingi bila ya kuliuliza swali lililo dhahiri: huo ushanga unaotungwa, nani aliuumba? Swali lilinijia nilipoanza kutengeneza shanga za kioo hapa Mgogoni, jioni baada ya kazi, bila ya nia ya kuuza.

Kwa karne nyingi shanga za kioo zilitufikia kwa vyombo vya baharini, kwanza kutoka Bara Hindi, na baadaye sana kutoka Venice. Watu wa mwambao walizinunua, wakazivaa, wakazipeleka bara. Mchango wao mkubwa, kwa maoni yangu, ulikuwa majina. Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856, aliorodhesha shanga za misafara, na ile nyekundu yenye moyo mweupe, samesame, aliikuta na lakabu ya kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoihangaikia. Fundi aliyeiyeyusha huko Ulaya hakujua kwamba ameunda kivunja mji. Nani basi alikuwa mtunzi wake?

Pemba, hata hivyo, ina habari ya zamani zaidi. Huko Tumbe, kaskazini mwa kisiwa, wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walichimbua makazi ya karne ya 7 hadi ya 10, wakakuta vigae vya vyungu kwa wingi mkubwa, vimechimbika michirizi. Yaelekea ni vinoo: watu walisugulia humo shanga, labda za makombe ya pwani. Chungu kikivunjika hakikutupwa. Kigae chake kiligeuzwa chombo cha kazi. Nilipoisoma habari hiyo nilikwenda uani nikaokota kigae cha mtungi uliopasuka. Mpaka leo ndicho ninachosugulia ncha za shanga zangu, kwa mchanga na maji.

Njia yenyewe nimeiazima kwa Wakrobo wa Ghana, maana haihitaji gesi wala mitambo. Chupa huoshwa, ikavunjwa, ikatwangwa kinuni mpaka iwe unga. Ufungeni mdomo na pua kwa kitambaa, ndugu zangu mtakaojaribu. Vumbi la kioo si la kuvuta. Unga huchekechwa, ukamiminwa katika vitundu vya kalibu ya udongo iliyopakwa udongo mweupe ili kioo kisigandie. Katikati ya kila kitundu husimikwa kipande cha kikonyo cha jani la muhogo. Motoni kikonyo huteketea, na pale kilipokuwa hubaki tundu la uzi. Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa kuwa kisamvu kilikuwa jikoni na vikonyo vyake nimekwisha kuvitupa kwa mbuzi. Kalibu hutiwa tanurini, juu ya makaa na vifuu vya nazi, mivukuto ikavuta. Kisha hufukiwa jivuni ipoe polepole, kwani kioo kikipoa ghafla hupasuka.

Watunzi chipukizi huniuliza vipi mtu hupata mtindo wake, kana kwamba umefichwa mahali. Mimi nilianza kwa kuiga mapambo ya Wakrobo, macho na mistari, na mkono ulifaidika sana. Lakini chupa zinazopatikana hapa ni za kijani, hudhurungi na nyeupe. Buluu ni bahati ya chupa kongwe ya dawa. Na moto wa vifuu, usipochochewa sana, hushikanisha chembe za kioo bila ya kuzifuta. Ushanga hutoka na uso wa chumvi ya mawe, mwanga ukiingia nusu na nusu ukibaki nje. Naweza kuuchochea zaidi ukateleza na kumeta kama wa dukani. Siutaki. Kuna mashairi yenye vina vilivyolainishwa hivyo, kila neno limeyeyukia jirani yake, na msomaji hupita juu yake bila ya mguu kukwama popote. Nayasifu, kisha nayasahau.

Hofu yangu ilikuwa kwa shangazi. Utunda wake, aliovalishwa na somo wake alipoolewa, ulikatika uzi, shanga zikatapakaa chumbani na nyingine zisionekane tena. Mjukuu wake anaolewa, naye anataka kumpa. Macho yake hayaoni sasa. Nilimnunulia shanga nzuri za kujazia, laini, za kipimo kimoja. Kwa kuona haya nikazichanganya na zangu chache katika kisahani kimoja.

Alitia vidole. "Huu wa dukani," akasema, akauweka kando. "Huu wa dukani. Huu wako."

"Umejuaje, shangazi?"

"Unakwaruza kidogo. Halafu tundu lako halikai katikati, mwanangu, limeegemea upande. Yote hivyo hivyo." Akaendelea kuchagua. "Nipe tisa."

Nilimwambia zitamkwaruza bibi harusi. Akasema hata yeye zilimkwaruza zile za somo wake, mpaka mwili wake ukazilainisha.

Sikuwa na tisa. Nilizichoma usiku ule, nikazisugua kigaeni asubuhi, na matundu yakatoka yameegemea upande uleule bila ya mimi kuyaelekeza. Alizipanga mwenyewe juu ya mkeka: tatu za zamani, mmoja wangu, tatu za zamani, mmoja wangu. Mimi nilishika ncha ya uzi.