Pungufu ya Mmoja

Karani wa sensa alifika kwetu Gatsata mwezi Agosti 2022, kishikwambi mkononi. Alimwuliza mama: ni nani waliolala hapa usiku wa tarehe 15 kuamkia 16? Mama akaanza na jina la bibi, kisha akanyamaza. Nyogokuru, kama tulivyomwita, tulikuwa tumemzika siku tatu kabla ya usiku huo. Karani alifuta jina, akasema, "Pole sana, mama," akaendelea.

Februari 2023 matokeo yalitangazwa: Rwanda ina wakazi 13,246,394. Baba, ambaye ni fundi wa magari, alisema tumekuwa wengi. Mimi niliichukua namba ile nikaanza kuigawa, maana ndiyo hesabu ya kwanza aliyonifundisha Nyogokuru. Alinimwagia maharagwe kwenye ungo, akaniambia niyapange mafungu sawasawa, nimtajie yaliyobaki.

Namba hii inaishia na 4, kwa hiyo ni shufwa: mafungu mawili ya 6,623,197. Jumla ya tarakimu zake ni 32, hivyo haigawiki kwa 3. Kwa 5 pia haigawiki. Saba ilikubali bila baki, ikaniachia 946,171. Hapo nilikwama jioni mbili. Kumi na moja ilikataa, kumi na tatu ikakataa, nikaendelea hadi 61, nikapata 15,511. Je, hii ni namba tasa? 125 mara 125 ni 15,625, tayari imezidi. Basi kama 15,511 ingekuwa na vigawo vingine, kimoja kingekuwa chini ya 125. Namba tasa zilizo chini ya 125 ni 30. Nilizijaribu zote, zote zikakataa. Kwa hiyo:

13,246,394 = 2 × 7 × 61 × 15,511

Ndipo nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Niliongeza moja.

13,246,395 inagawika kwa 3 na kwa 5, lakini haigawiki kwa 2, wala 7, wala 61, wala 15,511. Hakuna hata kimoja kilichosalia. Namba mbili zinazofuatana huwa hivyo daima: kinachozigawa zote mbili lazima kigawe na tofauti yao, na tofauti yao ni 1.

Tunapozungumza tunasema "milioni kumi na tatu", na katika maneno hayo bibi mmoja haonekani, awepo asiwepo. Katika namba yenyewe, akiongezwa au akipunguzwa, vigawo vyote vinabadilika.

Nyumbani tulikuwa sita. Tuliweza kukaa wawili wawili, au watatu watatu. Sasa tuko watano, na tano ni namba tasa. Mama bado huteleka maharagwe ya watu sita.