Kwa Mwanangu, Kuhusu Chumba cha Binti Yako

Usevya, Mpimbwe
Mkoa wa Katavi

Mwanangu,

  Huku mvua zimeanza vizuri na watu wanaamkia mashambani kabla jua halijatoka. Nimefurahi kupita kiasi kusikia kwamba mjukuu wangu amefaulu darasa la saba na amepangiwa sekondari huku Usevya. Mpe hongera zangu kabla hujaendelea kusoma.

Umeniomba mambo mawili. Kwanza nikutafutie chumba cha bei nafuu karibu na shule, apange na mwenzake. Pili nikushauri kuhusu kikao cha wazee ulichoitiwa, cha yule binti wa jirani yako aliyepata ujauzito akiwa kidato cha pili, ambacho upande wa mwanamume unataka kiishe kwa ng'ombe. Kwako ni mambo mawili. Mimi niliyefanya uuguzi na ukunga miaka mingi katika bonde hili la Rukwa nayaona ni jambo moja, kwa hiyo nakujibu yote humu humu.

Chumba sitakitafuta.

Najua umefikiria. Kutoka kwenu Chamalendi mpaka hapa si mwendo wa mtoto kutembea kila siku, na baiskeli haifai kipindi cha masika. Najua pia kwamba wazazi wengi wenye nia njema wanafanya hivyo hivyo. Wanampangia mtoto geto, wanamwachia debe la mahindi, maharage kidogo na pesa ya mafuta ya taa, wanarudi shambani. Wiki ya kwanza mambo huenda. Wiki ya tatu unga umekwisha, baba hapatikani kwenye simu kwa sababu yuko kambini mashambani, na mwenye nyumba anadai kodi. Hapo ndipo anapotokea mtu mwenye roho nzuri: mwenye duka anayekopesha, dereva wa bodaboda anayembeba bure, mfanyabiashara wa mpunga anayeuliza mbona leo umenyong'onyea. Watu hupenda kusema wasichana wa siku hizi wanaponzwa na tamaa. Nimekaa na wengi wao kitandani wodini, nikawauliza taratibu ilivyoanza. Wengi walianzia kwenye njaa, au kwenye pesa ya pedi, au kwenye umbali. Mtoto wa miaka 14 umemfanya mwenye nyumba, kisha unamshangaa akitendewa kama mtu mzima.

Usidhani nakutisha kwa hadithi za kijijini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi uliofanyika mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au ni wajawazito. Tulikuwa wa kwanza nchini, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 27. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulituonyesha tumeshuka hadi asilimia 34, na Songwe ikawa mbele yetu. Tumshukuru Mungu kwa kushuka huko, kwa maana hakukuja kwenyewe. Kumetokana na shule zilizojengwa kila kata, na elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016, na walimu na wauguzi waliosumbuka. Lakini taifa zima liko kwenye asilimia 22, na sisi bado katika kila wasichana watatu mmoja ameshapata ujauzito. Hesabu watoto wa kike wa kitongoji chenu, utawajua kwa majina.

Na ujauzito wa mtoto si aibu tu ya ukoo, kama wazee wanavyoizungumza. Nyonga za mtoto hazijapanuka. Uchungu unaweza kumshika siku nzima, ukaingia usiku, na kichwa cha kichanga kimekwama. Akichelewa kupata msaada anaweza kupoteza kichanga, na yeye akabaki na fistula, mkojo unamtoka bila kujizuia, mumewe kama alikuwa naye anaondoka. Kifafa cha mimba nacho kinawapenda hawa wadogo. Nimesindikiza wasichana kwenda hospitali Mpanda usiku, kwa ile barabara inayokatisha Hifadhi ya Katavi, nikiwa nimeshika chupa ya dripu mkononi, na si wote niliorudi nao. Hilo sitaki kulieleza zaidi ya hapo.

Sasa nikwambie ninavyoona. Kinachomkinga binti ni kubaki shuleni, na kubaki shuleni kunashikiliwa na vitu ambavyo watu wazima ndio wanaovipanga: anakolala, anachokula mchana, anayerudi naye jioni, pedi za mwezi, na mtu mzima mmoja wa kumwambia jambo baya kabla halijawa kubwa. Nasaha za mdomo peke yake hazifiki mbali. Mtoto anaweza kujua kila kitu alichofundishwa na mwalimu wa malezi, na bado njaa ikamshinda.

Kwa hiyo, uliza kwanza kama shule ina nafasi ya bweni. Ikiwa ipo, uza hata mbuzi, ulipie. Kama hakuna, atakaa kwangu. Nyumba yangu ina chumba, nami sina safari. Kodi uliyotaka kulipa ilete kwa njia ya mchele na mafuta ya kupikia, na godoro lake. Ataosha vyombo, atateka maji, saa mbili usiku atakuwa mezani na daftari. Yule mwenzake aliyekuwa apange naye, mwambie baba yake aje tuzungumze. Na wewe kwa kuwa ni mjumbe wa serikali ya kijiji, peleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji: wenye watoto wanaosoma mbali wachangie hosteli kwa nguvu zao, tofali na mchanga, kisha muiombe halmashauri imalizie bati. Chakula cha mchana shuleni nacho kisiachiwe walimu. Hapa kwetu mpunga tunavuna kwa magunia, kisha mtoto anashinda darasani na njaa hadi saa tisa. Siielewi hesabu hiyo.

Lipo jambo la msimu ambalo sisi watu wa bonde tunalifumbia macho. Mpunga ukianza kutoa masuke, watoto wanatolewa shule kwenda kuamia ndege. Msichana anakaa peke yake kwenye dungu, mbali na nyumba, toka asubuhi hadi magharibi. Ukifika wakati wa kuvuna, kuanzia mwezi wa tano, wazazi wanahamia kambini na binti mkubwa anaachiwa nyumba na wadogo zake, huku wanunuzi wageni wamejaa Majimoto na kila senta, pesa ziko nje nje. Sikuombi uache kulima. Nakuomba msimu huo mkeo au mama mkwe abaki nyumbani, na ndege waamiwe na watu wazima kwa zamu.

Sasa mazungumzo. Zamani mambo ya mwili yalikuwa kazi ya bibi na shangazi, na baba alikaa mbali. Kazi yangu nitaifanya. Nitamweleza mzunguko wake wa mwezi, na siku za hatari, na kwamba mara ya kwanza inatosha kabisa kupata mimba, maana wengi huambiwa haitoshi. Nitamfundisha pia kwamba zahanati ni yake, aingie aulize bila kuogopa, hata habari za uzazi wa mpango. Wapo watakaosema namfundisha uhuni. Nimewasikia maisha yangu yote, na binti zao ndio niliokuwa nawapokea leba. Lakini kuna sehemu yako ambayo mimi siiwezi. Binti anayezungumza na baba yake bila kutetemeka ana pa kukimbilia. Mwambie kwa mdomo wako: likikupata lolote, hata kama umekosea, njoo kwangu kwanza. Na mtu akimlazimisha, asioge, asikae kimya. Aje siku hiyo hiyo. Mtachukua fomu ya PF3 polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kisha kituo cha afya, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi zinafaa ndani ya saa 72 tu. Namba 116 ya kumsaidia mtoto haina gharama, aikariri.

Kaka yake je? Hukumtaja kabisa kwenye barua. Kijana wa miaka 19 mwenye bodaboda, wasichana wa shule wanapanda kwake kila jioni, na hakuna aliyewahi kumkalisha chini. Tunawasema mabinti mpaka wanachoka, wavulana tunawaacha wajifunzie vijiweni na kwenye simu. Mweleze kuhusu chagulaga inayofanyika minadani, vijana kumzunguka binti mpaka ataje mmoja ndipo aachiwe njia. Majirani zetu wengi Wasukuma wenyewe wanaichukia, na wewe mjumbe una nafasi ya kuipigia kelele bila kulitukana kabila la mtu. Mweleze na sheria vilevile. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Akitoka atakuwa anaukaribia umri wangu.

Hapo ndipo tunafika kwenye kile kikao chako.

Usikikalie kwa ajili ya kuhesabu ng'ombe. Sheria hiyo hiyo inamgusa pia anayesaidia ndoa ya mwanafunzi, na mjumbe wa serikali ya kijiji akionekana anahesabu ng'ombe, atajitetea kwa nini? Najua yatakayosemwa. Watasema Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya baba. Waambie Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo tarehe 23 Oktoba 2019. Isitoshe, huyu ni mwanafunzi. Watasema pia baba yake ni maskini na ng'ombe watamsaidia kulea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ni kweli kwamba ni maskini. Lakini ng'ombe wale huwa ni bei ya ukimya. Nimeona kesi hizi zinavyokwenda: binti anapelekwa kwa ndugu wilaya nyingine, mahakamani hakuna shahidi, kesi inafutwa, na yule mwanamume mwaka unaofuata yuko mnadani anacheka na mwingine wa darasa la saba. Ukimwacha huyu, unampa ruhusa ya kuja kwa binti yako.

Wala msiishie kwenye kumfunga mtu, mkamsahau mtoto. Zamani mwenye mimba alifukuzwa shule, ikawa ndiyo mwisho wake. Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, akiwa waziri wa elimu, alitangaza kwamba wanaokatiza masomo kwa ujauzito watarudi, na Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka huo umeweka utaratibu. Anaweza kurejea baada ya kujifungua. Akishindwa kurudi darasani mchana, zipo njia za Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wazazi wengi huku hawalijui hilo, na waliolijua wanaona haya kumrudisha. Mtu wa kulisema mbele za watu ni wewe. Na mwambie mama yake ampeleke kliniki wiki hii, asisubiri tumbo likue, na atakapokaribia siku zake wamsogeze karibu na hospitali. Nitakuja mwenyewe nimuone.

Kwa hiyo siku ya kikao nenda, lakini nenda na mtendaji wa kijiji na mkuu wa shule, ng'ombe warudi walikotoka, taarifa iende polisi, na jina la binti liandikwe kwa ajili ya kurudi shule mwakani. Nijibu kabla ya Jumapili kama umekubali.

Ni mimi shangazi yako,
Usevya